Kigari cha kwanza cha kupanda mawe: kutoka vipande vya boksini hadi juu ya jiwe

Wanaoanza huniuliza maswali yale yale. "Kaka, nimemaliza kuunga, nikibonyeza gesi tairi za mbele zinakwenda mbele, za nyuma zinarudi nyuma. Nimekosea wapi?" "Sevo yangu inalia muda wote, ni mbovu?" "Mota gani ina nguvu zaidi?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, na kila mara nasahau kitu. Hapa nimeyaweka yote, kwa mpangilio ule ule kazi inavyokwenda mezani.

Tunazungumzia kigari cha rimoti cha kipimo cha 1/10, magurudumu yote manne yanavuta, kimetengenezwa kupanda mawe polepole. Kwa kawaida urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama milimita 313, na rimu zake ni za inchi 1.9. Naishi Mwanza, ambako mawe hayatafutwi. Granaiti yetu ikiwa kavu inashika tairi vizuri sana. Ikiwa na ukungu wa kijani baada ya mvua, inateleza kama sabuni. Lakini kigari hakihitaji Mwanza. Rundo la mawe ya msingi uani linatosha kabisa.

Jambo moja lishike mapema, kwa sababu maamuzi mengine yote yanatoka hapo: kigari hiki hakishindi jiwe kwa kasi. Kinashinda kwa kuweka tairi mahali unapotaka na kubaki hapo. Kwa hiyo pesa ya ziada ikipatikana, ipeleke kwenye sevo (kimota kinachogeuza tairi za mbele) na matairi. Mota ya mbio kwenye kigari cha mawe itakuchosha tu.

Kabla hujafungua boksi

Soma orodha ya vilivyomo. Seti nyingi za kampuni ya Axial za familia ya SCX10 zinazouzwa zikiwa vipande huja bila vifaa vya umeme. Seti ya Tamiya CC-02 huja na mota, lakini rimoti na sevo unatafuta mwenyewe. Traxxas TRX-4 iliwahi kuuzwa kama vipande pamoja na rimoti na vifaa vyake vyote. Watu wengi hununua boksi la bei nafuu, kisha wanagundua bado wanadaiwa nusu ya kigari.

Vifaa vya umeme utakavyohitaji:

- Rimoti ya 2.4 GHz na risiva yake (kipokezi cha ishara kinachokaa ndani ya kigari). Chaneli mbili, ya usukani na ya gesi, zinatosha. Ya tatu itakufaa ukija kuweka loki ya difu (gia za katikati ya ekseli) au gia ya pili.
- Sevo yenye gia za chuma, yenye nguvu ya kusokota ya kilo-sentimita 20 (kg-cm) au zaidi. Hapa usibane pesa. Tairi likinasa kati ya mawe mawili, sevo dhaifu inasalimu amri na kigari kinakuwa mzigo.
- Mota ya brashi ya ukubwa wa 540, kati ya 35T na 55T. Namba hiyo ni idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota: ikiwa kubwa, mwendo unakuwa wa taratibu na unaotawalika. Kwa anayeanza napendekeza 35T.
- Kidhibiti mwendo cha vigari vya mawe, chenye breki inayoshika yenyewe ukiachia gesi. Hobbywing QuicRun 1080 kimetumiwa na wengi, na ndicho ninachotumia mimi.
- Betri ya LiPo (ya lithiamu) ya seli mbili, yaani volti 7.4, au NiMH (ya nikeli) ya volti 7.2. Ukichukua LiPo, chaja lazima iwe ile inayosawazisha seli.

Zana: bisibisi za alen za 1.5, 2.0 na 2.5 mm zenye ncha ngumu, spana ya bomba ya 5.5 mm na ya 7 mm, koleo yenye mdomo mwembamba, kisu kikali, mkasi wenye ncha iliyopinda, grisi, gundi ya bluu ya kukazia nyuzi za skrubu, na kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Kitambaa ni muhimu kuliko unavyodhani. Pini ya milimita chache ikianguka kwenye sakafu ya saruji, umeshaipoteza.

Onyo kuhusu bisibisi: seti za Tamiya hutumia skrubu za msalaba za kipimo cha Kijapani. Bisibisi ya msalaba ya dukani inaingia, lakini haikai sawasawa, na baada ya kukaza mara tatu kichwa kimelika. Tafuta ya Kijapani. Na alen ya bei rahisi ikishapoteza kona zake, itupe siku hiyo hiyo kabla haijakuharibia vichwa vya skrubu.

Hatua ya 1: Panga, usikimbilie

Fungua mfuko mmoja kwa wakati, kwa namba zilizo kwenye kitabu. Usimwage mifuko yote pamoja. Karibu kila kitabu kina michoro ya skrubu kwa ukubwa wake halisi. Weka skrubu juu ya mchoro uone kama zinalingana. Skrubu ya 3x12 ikikaa mahali pa 3x10, ncha yake inaweza kugusa gia ndani au kupasua plastiki, na hutajua mpaka siku ya kwanza juani.

Skrubu inapoingia kwenye plastiki kwa mara ya kwanza, izungushe polepole. Ukihisi ugumu, irudishe nusu mzunguko kisha endelea. Ikishakaa, acha. Plastiki haidai nguvu, na uzi ukilika ndani ya plastiki hakuna tena cha kukaza.

Hatua ya 2: Difu za mbele na nyuma

Makosa mengi yanazaliwa hapa, kwa hiyo ipe hatua hii jioni nzima.

Weka beringi kwa kidole, zikae mpaka mwisho. Zikikataa, angalia kama kuna mabaki ya plastiki kwenye tundu, usipige nyundo. Paka grisi kwenye meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinyoni (gia ndogo inayoizungusha), kiasi cha kufunika meno tu. Ukijaza ganda zima, grisi ya ziada itavuja kwenye ekseli na kukusanya vumbi.

Sasa tazama upande wa krauni. Kitabu kinaonyesha kama inakaa kushoto au kulia kwa pinyoni, na mchoro wa difu ya mbele haufanani na wa nyuma. Ukiigeuza, tairi za ekseli hiyo zitazunguka kinyume na za ekseli nyingine. Hili limenikuta mimi na mpwa wangu kwenye kigari chetu cha kwanza: tuliunga difu zote mbili sawasawa kama mapacha, tukafunga kila kitu, tukaweka na bodi. Kukifungua tena kulituchukua Jumapili nzima. Tangu siku ile, kabla ya kufunga ganda, naziweka difu mbili mezani zikiwa zimeelekea kama zitakavyokaa kwenye kigari, nazungusha kila pinyoni upande ambao propela yake (shafti inayotoka giaboksi) itaizungusha, na kutazama tairi zitakwenda wapi. Ni dakika moja.

Kwenye vigari vya mawe difu kwa kawaida imefungwa moja kwa moja, yaani tairi la kushoto na la kulia yanazunguka pamoja daima. Ndivyo inavyotakiwa: tairi moja likiwa hewani, lingine linaendelea kuvuta. Kama seti yako ina difu za kawaida na kipande cha kuzifunga, kiweke sasa. TRX-4 ni tofauti kidogo, difu zake unazifunga na kuzifungua kwa rimoti.

Ukimaliza, zungusha ekseli kwa mkono. Iende laini, bila kukwama mahali. Ikiwa ngumu, legeza skrubu za ganda robo mzunguko. Ikilainika, ulikaza mno. Isipolainika, fungua utazame washa (vile vipete bapa) na beringi.

Kuhusu gundi ya nyuzi: tone moja dogo pale chuma kinapokutana na chuma tu. Futa mafuta kwenye uzi kwanza, la sivyo haishiki. Usiiweke kwenye skrubu inayoingia plastiki. Inaweza kuifanya plastiki ipasuke. Na iwe ya bluu. Nyekundu hutaifungua bila kuipasha moto.

Hatua ya 3: Giaboksi na mota

Giaboksi yenyewe fuata kitabu, haina mambo mengi. Makini iwe kwenye mota.

Skrubu mbili zinazoshika mota zisiwe ndefu kuliko zilizoandikwa. Skrubu ndefu inaingia ndani ya mota na kugusa waya zinazozunguka, na mota inakufa kabla ya kuonja jiwe. Gia ndogo ya mota ina skrubu isiyo na kichwa. Ikae juu ya upande bapa wa shafti, na hapa gundi ya bluu ni lazima. Hakikisha pia gia ndogo na gia kubwa zina kipimo kimoja cha meno, yaani ukubwa wa jino, si idadi yake. Gia ya 48 haikai na ya 32 hata kama kwa macho zinafanana.

Nafasi kati ya gia hizo mbili: kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya meno, sogeza mota mpaka ibane, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Itoke ikiwa imekunjwakunjwa lakini haijachanika. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukitikisa kidogo kila mahali. Lazima kuwe na mchezo mdogo kote. Zikibana, mota itachemka. Zikiwa mbali, meno yatalika, na sauti yake utaijua: kama mtu anasaga mchanga.

Hatua ya 4: Shokapu

Tia tone la mafuta ya shokapu kwenye mpira wa kuziba na kwenye shafti kabla ya kuipitisha, kwa sababu uzi wa shafti unaweza kuukata mpira. Usiishike shafti kwa koleo tupu. Mkwaruzo mmoja unatosha kuifanya ivuje maisha yake yote. Ifunge kwa kitambaa kwanza.

Jaza mafuta, panda na kushuka na pistoni taratibu, kisha iache imesimama dakika kumi mapovu yatoke. Mimi hutumia muda huo kunywa chai. Funika ukiwa umeishusha pistoni kiasi kitabu kinavyosema. Shokapu ikitoa sauti ya kukoroma unapoibonyeza, bado ina hewa. Fungua, ongeza, rudia.

Springi ziwe laini. Kigari kikisimama chenyewe, uzito wake ukilaze kidogo, ili tairi liweze kushuka kwenye shimo na kuendelea kugusa.

Hatua ya 5: Chasisi, linki na propela

Linki ni zile fimbo zinazoshika difu kwenye chasisi. Kushoto na kulia ziwe sawa kabisa kwa urefu. Zipime kwa rula, au zilaze sambamba. Tofauti ya milimita mbili inaipinda ekseli, na kigari kitavuta upande mmoja.

Kwenye propela, msalaba wa mwisho mmoja uelekee sawa na wa mwisho mwingine. Ukiukosea, kigari kitatetemeka kila mzunguko hata kwenye sakafu.

Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: nyanyua tairi moja la mbele na moja la nyuma upande wa pili, tazama kama kila kitu kinajikunja bila kugusana.

Hatua ya 6: Umeme

Usifunge mkono wa sevo bado. Unganisha kwanza sevo na risiva, washa, acha usukani wa rimoti katikati na punguza marekebisho yake hadi sifuri. Sevo itajipeleka katikati. Hapo ndipo unauweka mkono, ukiwa wima kama kitabu kinavyoonyesha. Ukiuweka sevo ikiwa imelala upande, kigari kitakata vizuri kulia na vibaya kushoto, na utahangaika na linki ambazo hazina kosa.

Waya za sevo: nyeupe, njano au chungwa ni ya ishara, nyekundu ni chanya, nyeusi au kahawia ni hasi. Angalia pia kwamba volti zinazotoka kwenye kidhibiti mwendo zinaendana na zile sevo inazotaka. Betri ukiigeuza chanya na hasi, kidhibiti kinaungua papo hapo, na hakuna fundi atakayekirudisha. Kama unauchomelea mwenyewe plagi ya betri, tazama alama mara mbili.

Kuwasha: rimoti kwanza, kigari baadaye. Kuzima: kigari kwanza. Ukigeuza mpangilio huu, kigari kinaweza kukimbia chenyewe.

Fuata karatasi ya kidhibiti ili kitambue katikati, mbele na nyuma ya gesi. Kisha kiambie aina ya betri. Ukitumia LiPo bila kukijulisha, kinaweza kutokata umeme kwa wakati betri ikishuka, na betri itakufa. Breki ya kujishika iweke juu kabisa.

Mwisho, kigari kikiwa juu ya kibao na tairi zinaning'inia, zungusha usukani hadi mwisho wa kila upande na upunguze mwisho wa mwendo kwenye rimoti (kikomo cha sevo kugeuka) mpaka sevo inyamaze. Waya zote zifungwe mbali na propela.

Hatua ya 7: Matairi

Sponji iingie ndani bila kujikunja. Kama rimu ni za kukaza kwa pete, kaza skrubu kwa kuruka upande, kama unavyokaza nati za gari kubwa. Kama ni za gundi, osha kingo za tairi kwa sabuni na zikauke kwanza. Usisahau pini ndogo inayopita kwenye ekseli nyuma ya heksi ya 12 mm (kipande cha pembe sita kinachoshika rimu). Bila pini hiyo ekseli inazunguka na tairi limesimama. Nati ya tairi ikaze mpaka iguse, basi. Ukiendelea, unabana beringi.

Hatua ya 8: Bodi

Bodi ya polikaboneti hupakwa rangi upande wa ndani, kwa rangi ya polikaboneti pekee. Rangi ya kawaida itabanduka mara ya kwanza bodi ikijikunja. Osha kwa sabuni ya vyombo, ziba madirisha kwa tepu, pulizia tabaka nyembamba nyingi. Rangi nyeusinyeusi ndiyo inayotangulia, nyeupe au fedha inafuata nyuma yake. Ngozi nyembamba ya nje ibandue ukimaliza kila kitu.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Kabla ya kwenda kwenye mawe, kiendeshe dakika mbili kwenye sakafu tambarare. Simama, gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole sekunde tatu, kuna kinachobana. Rudi kwenye hatua ya 2 na 3. Kaza nati za tairi tena, kwa sababu hulegea baada ya mwendo wa kwanza.

Kisha chagua jiwe la urefu wa tairi moja tu. Gesi kidogo, isimame, tazama tairi limekaa wapi, gesi kidogo tena. Likianza kuzunguka bure, achia. Kulizungusha hakutalipandisha, kunalisugua tu.

Betri ya LiPo usiiache ishuke chini ya volti 3.0 kwa seli. Ichaji mbele ya macho yako, juu ya kitu kisichoshika moto, kwa ampea zinazolingana na ukubwa wake: ya 5000 mAh, ampea 5. Kama hutaitumia wiki nzima, ihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli. Iliyovimba isichajiwe tena kamwe.

Kikigoma

*Tairi za mbele na nyuma zinapingana.* Krauni ya difu moja iko upande usio wake. Hakuna mkato, ifungue.

*Kigari chote kinarudi nyuma ukibonyeza mbele.* Hili ni jepesi. Geuza chaneli ya gesi kwenye rimoti, au badilisha waya mbili za mota. Moja tu kati ya hayo.

*Sevo inalia.* Mwisho wa mwendo haujapunguzwa, au kuna linki inagusa. Ikilia hata usukani ukiwa katikati, toa linki ya usukani: ikinyamaza, kosa ni la linki.

*Kinazima katikati ya mlima kisha kinarudi.* Betri imeshuka na kidhibiti kinailinda, au sevo inavuta umeme mwingi mpaka risiva inakosa. Chaji betri kwanza. Likirudi na betri imejaa, sevo inahitaji chanzo chake cha umeme.

*Tairi moja halivuti.* Pini ya nyuma ya heksi.

*Kinapigapiga ukikata kona kali.* Viungo vya ekseli ya mbele vimepinda kupita uwezo wake. Punguza mwisho wa usukani kidogo.

*Kimepita kwenye maji.* Toa tairi, kausha, tia tone la mafuta mepesi kwenye kila beringi jioni ile ile. Beringi huanza kutu usiku mmoja.

*Kinapinduka kwa nyuma kwenye kila mwinuko.* Uzito uko nyuma na juu. Sogeza betri mbele, ishushe kadiri chasisi inavyoruhusu, na toa mizigo ya mapambo kwenye keria ya juu. Bado ikishindikana, weka risasi ya kusawazishia magurudumu, ile ya kubandika inayopatikana kwa mafundi wa tairi, ndani ya rimu za mbele tu, gramu sawa kila upande. Anza na 30 kila rimu, jaribu jiwe lile lile, kisha ongeza kidogo kidogo.